Feni Iliyopelekwa Msibani

Asubuhi ile mdogo mtu alitoka studio ya video ya dada yake kwa miguu yake mwenyewe, kiganja kimeshika kifua. Alisema anakwenda hospitali kupimwa, na atarudi kabla video waliyokuwa wakiitengeneza kwenye kompyuta haijaiva.

Video iliiva saa nane mchana. Kompyuta ikatoa mlio wake mdogo wa kumaliza kazi. Kila siku mlio ule ulijibiwa naye kutoka kiti chake cha kushoto: "Ahsante, mama." Siku hiyo haukujibiwa. Jioni, mdogo mtu alirudishwa nyumbani akiwa amebebwa.

"Nilikaa nikisubiri aujibu," anasimulia dada yake. "Nilijua hayupo, lakini nikasubiri."

Mtaani wanamwita Dada Mkasi, kwa sababu kazi yake ni kukata na kuunga picha za harusi na mahafali. Mdogo wake waliyemzika walimwita Baridi. Jina hilo alijipatia kwa kazi yake ya pili, ile ya kulinda kompyuta isichemke.

Kompyuta yenyewe walinunua ikiwa imetumika, na ilikuwa nzito ya mwendo. Baridi akaikaza. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, hutoka kiwandani na mwendo wake. Fundi anaweza kuilazimisha ikimbie zaidi. Lakini ikikimbia zaidi hutaka umeme zaidi, na umeme huo huleta joto.

Kwa hiyo Baridi aliiwekea mipaka miwili. Joto lisipite nyuzi themanini, na umeme usipite volti moja nukta tatu tano. Ubavu wa kasha aliuacha wazi, na mbele yake akasimamisha feni ya mezani. Kwenye pembe ya kioo cha kompyuta aliweka namba ndogo ya joto, akaitazama kama mtu anayechunga maziwa jikoni.

"Namba ikifika themanini, anasimamisha kazi," anasema Dada Mkasi. "Anasema, 'Dada, chai.' Nikibisha kwamba mteja anangoja, ananiambia, 'Mteja akiungua ana hospitali. Hii ikiungua ina nini?'"

Kwa mwendo ule, video ya harusi iliyokuwa ikipikwa siku nzima ilitoka kwa nusu siku. Harusi mbili kwa mwezi zililipa kodi ya chumba na kulisha nyumba mbili, ya dada na ya mdogo wake.

Kisha ukaja msiba. Watu walijaa nyumbani kwa marehemu, joto likawa kali, na Dada Mkasi akaibeba ile feni kutoka studio akaiweka walipokaa wafiwa. Matanga yalipokwisha, feni ilibaki huko.

"Ningemwambiaje wifi yangu? Mtu amefiwa na mume, nimfuate, 'Samahani, nimekuja kuchukua feni'? Niliona haya."

Aliporudi kazini, aliufunga ubavu wa kasha. Ndani kulikuwa na alama za vidole vya mdogo wake kwenye vumbi, naye hakutaka kuziona wala kuzifuta. Namba ya joto akaiondoa kwenye kioo, kwa sababu ilipokaribia themanini alijikuta akigeukia kiti cha kushoto, mdomo tayari umefunguka kusema chai.

Kompyuta ikaanza kuganda katikati ya kazi. Alikuwa amewahi kumwona Baridi akiiongezea umeme kidogo ilipoyumba, naye akaongeza. Ikatulia siku kadhaa, ikaganda tena, akaongeza tena. Ule ukuta wa moja nukta tatu tano aliupita akiujua.

"Nilifika moja nukta tano," anasema, na anatazama mikono yake. "Imefungiwa, haina feni, na mimi naichochea moto. Nilijiambia, mradi inawaka."

Siku moja haikuwaka. Mlangoni alikuwa amesimama baba wa bibi harusi mmoja, amechoka na ahadi.

"Dada Mkasi, binti yangu sasa ana mimba," alisema mzee huyo. "Atajifungua kabla hatujamwona akikata keki! Au unasubiri utuunganishie na arobaini ya mtoto?"

Waliokuwa studio wakacheka. Hapo ndipo maneno yalipomtoka.

"Mzee, si mimi. Ni marehemu. Aliikaza mashine kupita kiasi, akatuachia balaa."

Kicheko kikakatika. Mzee akavua kofia. "Basi, mama. Mungu amrehemu. Tutasubiri."

Ilikuwa rahisi hivyo. Mteja wa pili alipokuja juu, Dada Mkasi alisema maneno yaleyale, na wa tatu pia. Aliyekufa hana mdomo wa kujitetea. Maneno nayo hayana mlango: yalitoka studio, yakapita kwenye maduka, yakafika kibarazani kwa wifi yake, ambaye hushona nguo.

Baada ya wiki akaitwa fundi wa kompyuta. Alikuwa ameinamia kasha, amefungua ubavu, wifi alipoingia akiwa amebeba feni kiunoni kama mtoto.

"Nimesikia mashine inaumwa joto," alisema. "Wifi, mbona hukusema feni ni ya hapa? Mimi nilidhani umetupatia."

Kabla Dada Mkasi hajajibu, fundi aliinua kichwa. "Hii prosesa imekufa kwa umeme. Nani aliipandisha volti namna hii?"

Aliyejibu ni wifi.

"Ni marehemu mume wangu," alisema taratibu. "Tusamehe, fundi. Hakuwa mtu mbaya, alipenda tu kazi iende. Hata wateja nimekuwa nikiwapitia mmoja mmoja, namwombea msamaha."

Dada Mkasi anasema alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka.

"Nikamwambia, 'Wifi, ni mimi. Yeye aliiacha nzima.'"

Wifi hakupiga kelele. "Mpaka kwa yule mzee wa keki nilipiga magoti," alisema. Akaiweka feni kwenye kiti cha kushoto, akatoka.

Leo ndani ya kasha kuna prosesa nyingine, nayo inakwenda mwendo wa kiwandani. Video ya harusi inapikwa siku nzima, kama zamani. Dada Mkasi amekwenda kwa mzee wa keki na kumweleza ukweli akiwa amesimama mlangoni. Mzee alimsikiliza, hakumkaribisha ndani. Wamebaki wateja wawili, nao anasema atawafikia. Kwa wifi amekwenda mara mbili. Amekuta cherehani inalia ndani na mlango umefungwa.

"Sitaki anisamehe haraka," anasema. "Nataka kwanza watu waache kumsema mumewe."

Namba ya joto imerudi kwenye pembe ya kioo. Ubavu wa kasha uko wazi. Feni haijaondolewa kwenye kiti cha kushoto, na kila asubuhi huwashwa kabla ya kompyuta.