Gubiti za Mabatini na mlango uliofungwa

Saa tatu asubuhi, Mabatini, Mwanza. Mlango wa jiko la Kokushubira Mutayoba umefungwa na nje watu wamejaa. Mgambo Masalu anaugonga kwa rungu.

"Mama Jovitha, fungua! Tunajua una sukari humo!"

"Sina sukari, mwanangu. Nina sufuria iko motoni. Nikifungua sasa upepo wa ziwa utaingia, kazi yote iharibike."

Nje wanacheka. Mwaka huu wa 1983 duka la ushirika likipata sukari ni kilo moja kwa kaya, na halijapata tangu mvua zianze. Walanguzi wanakamatwa kila mtaa. Mjane huyu anauza gubiti, zile pipi ngumu za kuvuta, kila siku, tena anapika amejifungia. Majirani wamempelekea mgambo habari. Akikutwa na gunia anakwenda ndani, na Jovitha, binti yake wa miaka sita, hana ndugu mwingine Mwanza.

Balozi wa nyumba kumi, Mzee Chenge, anakata shauri: Masalu aingie peke yake, mlango urudishwe, aangalie mpaka mwisho.

"Masalu, angalia usipikwe!" mtu anapiga kelele. "Hatutaki gubiti ya mgambo!"

Ndani ni joto na moshi. Masalu anapindua madebe. Anakuta makombo ya viazi vitamu kutoka kantini ya wachambua pamba, na kopo la kimea cha mtama.

"Kumbe unapika pombe!"

"Pombe ingechachuka. Hii imelala usiku mmoja tu. Onja." Anamsogezea kijiko cha viazi vilivyopondwa na kimea. Masalu anaonja, anaonja tena. "Kimea ndicho kinatoa utamu kwenye kiazi. Mama alitupikia hivi kule kwetu Kamachumu. Nachuja, nachemsha maji yake mpaka yavute kama gundi."

"Yasipovuta?"

"Utanipeleka polisi."

Anadondosha tone la sufuriani kwenye maji baridi. Linayeyuka. Anaongeza kuni. Tone la pili nalo linayeyuka. Masalu anashika rungu vizuri.

La tatu linaganda. Mama Jovitha anamwaga rojo kwenye jiwe lililopakwa mafuta; rojo likipoa kidogo, analitundika kwenye msumari na kuanza kuvuta. Hapo mtu wa nje anasukuma mlango achungulie.

"Funga!" Mama Jovitha anapiga ukelele. "Inakatika!"

Masalu anaruka, anaegemea mlango kwa mgongo. "Rudini nyuma!" anawafokea walio nje. "Kuna kazi humu!"

Rojo la kahawia linageuka dhahabu. Likipoa, Masalu analiuma. Linavunjika kwa mlio.

Masalu amemwambia Mzee Chenge kwamba hakuna sukari, naye mzee amewatawanya watu. Masalu ameondoka na gubiti mbili mfukoni. Anasema ni ushahidi.

Mama Jovitha anakaa kwenye kigoda. "Kesho wataleta mgambo mwingine," anasema.

Ndiyo maana ameulizia kioo cha lori bovu kule Mkolani, akipachike ukutani kiwe dirisha.

"Mlango nitafunga vilevile," anasema. "Macho yaingie, upepo ubaki nje."