Mke Mwenza wa Kwenye Kopo

Klementina aliolewa ndoa ya kanisani, mume mmoja mke mmoja, kisha akajikuta ana mke mwenza mwenye miguu minane. Maneno hayo siku hizi anayasema hadharani na watu wanacheka. Lakini kwa miaka mingi aliyameza, maana aibu ya nyumba hufichwa ndani, na kuificha huko ndiko nusura kumpeleke mumewe jela.

Mumewe, Polikarp, alikuwa dereva wa greda la serikali pale Sumbawanga. Mtu mpole, maneno machache, asiyejua kusema uongo hata ule wa kumliwaza mgonjwa. Mwaka wa Operesheni Vijiji, watu walipotolewa kwenye mashamba yao ya matuta wakaja kupangwa mistari mistari kando ya barabara, yeye alipelekwa kuchonga barabara ya kutoka Namanyere kwenda Kate. Kisu cha greda kilipokwangua kingo za barabara kilifumua mashimo ya buibui wakubwa, wale wenye manyoya. Ndani mashimo hayo yalikuwa yametandikwa utando mweupe kama shuka. Madereva wengine waliyapita. Polikarp alizima injini, akashuka, akachuchumaa kutazama.

Jioni alirudi nyumbani mtaa wa Chanji na kopo la mafuta ya kupikia, kalifunika kwa shati lake. Ulikuwa msimu wa uyoga na Klementina alikuwa na hamu nao. Alipiga goti, akalipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, akafunua.

Ukelele wake ulimleta jirani yao Bertilla mbio, mwiko wa ugali mkononi.

"Kuna nini, Mama Kalista?"

"Panya," alisema Klementina, huku akilisukumia kopo uvunguni kwa mguu.

Angesema kweli siku ile watu wangecheka wakasahau. Lakini mwanamke gani anayejiheshimu atatangaza kwamba mumewe, baba wa mtoto wake, amemletea buibui wa saizi ya kiganja badala ya uyoga?

Yule buibui alikuwa amekumbatia kifuko cheupe cha mayai. Kisu kilikuwa kimemjeruhi, hakukaa sana akafa. Klementina alishusha pumzi, akadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Polikarp alikichukua kile kifuko akakilaza kwenye udongo wa ukingo wa barabara, na kila siku akawa anakigeuza polepole kwa unyoya wa kuku, kama alivyomwona mama mtu akifanya. Hadi siku moja kikapasuka, wakatoka watoto wengi, wadogo kama punje za ulezi, wakitambaa huku na huku.

"Yesu na Maria!" Klementina alishika kichwa. "Wenzio wanafuga kuku, Baba Kalista! Wanafuga mbuzi! Hata njiwa basi!"

"Hawa hawasumbui," alisema Polikarp, na kweli aliamini hivyo.

Akawatenganisha, kila mmoja na kichupa chake cha dawa, maana wakikaa pamoja wanalana. Walipokua akawahamishia kwenye makopo, vifuniko kavitoboa kwa msumari wapate hewa. Udongo aliulowesha kidogo tu. Ukikauka wanakufa, alisema, na ukizidi maji unaota ukungu, nao wanakufa vilevile. Wadogo aliwapa mchwa waliokatwa kichwa ili wasiwaume, wakubwa nyenje na mende. Akitoka kazini, kabla hata ya kunawa grisi mikononi, alivuta kigoda akaketi mbele ya makopo. Swali lake la kwanza lilikuwa kama wamekula. Klementina naye angeweza kushinda na njaa na asiulizwe.

Halafu ikaja ile habari ya kuku. Siku moja mumewe akiwa safarini, Klementina alichungulia kopo moja akamkuta mtoto wa buibui kalala chali, miguu juu. Akasema, afadhali, mmoja amepungua. Akammwaga uani, jogoo akamaliza kazi. Polikarp aliporudi na kuambiwa, alikimbilia uani kutafuta.

"Alikuwa anajivua ngozi!" alisema. "Akitaka kujivua hulala chali hivyohivyo. Alikuwa anakua, Mama Kalista. Anakua tu!"

Usiku huo ugali wake ulirudi jikoni ulivyo. Klementina alipigwa na butwaa. Hajapata kuona mwanamume mzima akiomboleza buibui. Aliapa kwamba mkono wake hautagusa tena kitu chochote ndani ya makopo yale, kiwe hai au kimekufa, na kwa muda mrefu kiapo hicho kilikuwa chepesi kwake kuliko kufunga Ijumaa Kuu.

Miaka ikaenda. Madume wa uzao ule walikonda wakafa, kama ilivyo kawaida yao, na majike wengi Polikarp aliwarudisha porini. Akaokota watoto wengine kwenye kingo nyingine za barabara, makopo hayakupungua. Lakini wa ule uzao wa kwanza alibaki jike mmoja, mkubwa, manyoya ya rangi ya majani makavu, aliyemlea tangu punje. Huyo ndiye Klementina aliyempa jina la Mke Mwenza. Chumba cha nyuma kikafungwa kitasa. Kila Bertilla alipouliza kuna nini mle, jibu lilikuwa lilelile: mali ya kazini. Sasa fikiria mwenyewe: mtu wa serikali, anasafiri na gari la serikali, anarudi na makopo yaliyofunikwa, na chumba hakifunguliwi. Majirani nao wana akili zao.

Ukaja mwaka wa walanguzi. Sukari ilikuwa ya kibali, kidogokidogo kwa kila nyumba, na hiyo ni siku ikiwepo. Msako ulikuwa ukipita nyumba kwa nyumba, na aliyekutwa ameficha bidhaa alipandishwa garini mbele ya watoto wake. Polikarp alisema sukari ya magendo haitapita kooni mwake, na mtu yule akisema amesema. Lakini Kalista, binti yao wa pekee, alikuwa amejifungua kule Namanyere baada ya kumzika mtoto wa kwanza, naye alikuwa njiani kuja kukaa kwa mama yake. Uji wa mzazi bila sukari! Klementina aliona bora afe. Akampata mama mmoja wa mpakani, akanunua kopo zima kisirisiri, sukari ya chengachenga, rangi ya mchanga wa mtoni. Akaificha mahali ambapo hata yeye mwenyewe alikuwa anapaogopa: chumba cha nyuma, kati ya makopo ya buibui, mstari wa ukutani.

Asubuhi moja ya baridi kali, upepo wa Ufipa ukipiga mabati, alisikia zogo kwa Bertilla. Akachungulia. Mgambo walikuwa wamejaa uani kwa jirani, wengine wamekwisha vuka na kusimama kwenye njia ya chooni kwake mwenyewe, na Polikarp alikuwa mlangoni kwake akiwangojea kwa furaha, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri wageni wa arusi. Hakuwa na la kuficha, maskini. Alidhani.

 Kila mtu mtaani alijua makopo ni ya Polikarp. Sukari ikionekana ndani ya kopo, atakayepandishwa garini ni Polikarp, na angekwenda bila hata kujua amekosa nini. Kuimwaga hakuna pa kuimwagia. Klementina aliingia chumba cha nyuma, akafungua kopo la sukari, akafungua na kopo la Mke Mwenza. Akatazama moja, akatazama la pili. 

"Mke mwenzangu," alinong'ona, "mume ni wetu sote."

Akatia mkono.

Akamshika. Na Mke Mwenza, aliyeamshwa ghafla na mtu asiyemjua, akamuuma kwenye nyama ya chini ya kidole gumba. Klementina aliumia kama aliyechomwa msumari wa moto, lakini hakupiga kelele. Alimweka juu ya sukari, akafunika makopo yote mawili, akasimama akijitazama mkono. Bibi yake kule Mwazye alikuwa akisema aliyeumwa na buibui huyo halioni jua likizama. Basi nakufa, aliwaza. Na nife, ila hawa watu watoke kwanza.

Wakaingia. Mbele alikuwa katibu kata, Ndugu Ambakisye, mtu wa Mbeya, sauti kubwa, na nyuma yake balozi wa nyumba kumi, Mzee Sebastiani. Mbele ya mzee kama yule mwanamke wa Kifipa hupiga goti na kupiga makofi. Klementina alipiga goti. Akapiga makofi, taratibu, kama kawaida, na kila kofi lilipanda hadi begani. Machozi yalimtoka. Mzee Sebastiani alidhani ni hofu, akamwonea huruma.

"Ndugu Polikarp, tuna habari za makopo," alisema Ambakisye.

"Yapo! Karibuni!" Polikarp alifungua chumba, uso unang'aa. Tangu aanze hajapata kuwa na watazamaji. "Huyu nimemtoa Kate, bado mtoto. Tazama, Ndugu. Na huyu juzi kajivua, ngozi yake hii hapa."

Mgambo wa kwanza aliruka nyuma akamkanyaga wa pili. Mwingine alisema, "Salaale! Ndiyo Sumbawanga ya uchawi wanayotuambia hii," akatoka nje moja kwa moja. Ambakisye alijikaza kiume, lakini alikuwa amekwisha shika fremu ya mlango. Polikarp hakuona chochote. Alikuwa anafungua kopo baada ya kopo, anaeleza, anakaribia ukuta.

"Na sasa, mama wa nyumba," alisema, akafungua kopo la Mke Mwenza.

Tupu.

Uso wake ulipauka. "Katoka!" alisema kwa sauti nyembamba. "Mke... yule mkubwa katoka! Msikanyage! Jamani msikanyage!"

Hapo chumba kilichafuka. Balozi, na uzee wake, alipanda juu ya kigoda. Ambakisye alikuwa nje tayari, akipiga kelele dirishani: "Toeni makopo yote! Mwageni uani, yote, moja moja!"

Klementina alisikia neno mwageni, akajua dakika hiyo ndiyo yenyewe.

"Hajatoka," alisema. Mkono aliuficha ndani ya kitenge, ulikuwa umevimba kama andazi. "Nimemhamisha mimi. Yuko kwenye kopo lile la ukutani, nimemwekea mchanga."

Polikarp alimgeukia mkewe. Hajawahi kumsikia akisema jambo la ajabu kama lile. Yeye? Amhamishe? Akalichukua kopo, akafunua, akainama kutazama. Akakaa ameinama hivyohivyo.

 Ambakisye alikuwa amerudi mlangoni, ananyoosha shingo.

"Mchanga gani huo?"

Mtu asiyejua uongo alikuwa ameshika kopo la sukari ya magendo mbele ya serikali, mkewe anamtazama. Klementina alisali Salamu Maria, akaipoteza katikati, akaanza upya.

"Mchanga wa mtoni," alisema Polikarp hatimaye. Sauti haikuwa yake. "Huyu anataka pakavu."

"Mimina kidogo nione."

"Tia mkono tu, Ndugu, uchote." Akamsogezea kopo. Mke Mwenza alikuwa na hasira za kuhamishwa bado. Alinyanyua miguu ya mbele akaonyesha meno.

Katibu kata alisema ameridhika. Alisema pia kwamba kazi ya kujenga taifa ina mambo, akawakusanya watu wake, wakaenda nyumba inayofuata. Mzee Sebastiani alisaidiwa kushuka kigodani.

Walipobaki wawili, Polikarp alimtoa Mke Mwenza, akampangusa chengachenga za sukari miguuni kwa unyoya, akamrudisha kwenye udongo wake wenye unyevu. Hapo ndipo alipogeuka akaona mkewe bado ameficha mkono ndani ya kitenge. Akakifunua.

"Amekuuma?"

"Ameniuma."

"Saa ngapi?"

"Kabla hawajaingia."

"Na ukawapigia makofi?" Aliketi chini, chini kabisa, sakafuni. "Ukasimama hapo muda wote?"

"Nilijua nakufa. Nikasema nife, lakini usipelekwe jela kwa sukari yangu."

Polikarp alitikisa kichwa. Kisha akasema, "Haui, Mama Kalista. Unavimba, unauma, kisha unapoa. Mimi wameniuma mara nyingi."

Klementina hajawahi kushangaa hivyo, hata siku ile ya uyoga. Miaka yote amelala akisikiliza kama mume wake bado anapumua!

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia ungewatupa. Na wewe, sukari, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeitupa."

Klementina alimpiga kofi la mgongo kwa mkono wa kushoto, lile la nguvu kabisa, naye akalipokea. Kisha Polikarp akainuka, akabeba kopo la sukari hadi jikoni, akaichekecha sukari kwa chekeche, mara mbili, akitoa manyoya ya Mke Mwenza moja moja. Nyingi aliifunga kwa ajili ya Kalista. Akabandika uji wa ulezi mwenyewe, akaukoroga, akatia sukari, akaja kuketi mbele ya mkewe na bakuli, kwa kuwa mkono wake wa kulia usingeweza kushika kijiko. Kabla ya kumnywesha, akaonja kwanza.

"Tamu," alisema, akameza.