Tulichoma kuni za watu mlimani, hatukurudisha

Wakuu, heshima zenu. Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, leo naleta la kwangu. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokosea mimi nitasema ni mimi.

Ni habari za enzi ya Zaïre. Mimi ni mtoto wa Bukavu, Nyawera, karibu na soko. Rafiki yangu alikuwa wa Muhumba, kwa watu wa ofisi. Aliitwa Murhula. Jina lake la ubatizo lilikuwa Dieudonné, ila majina ya kizungu yalikuwa yamepigwa marufuku, kwa hiyo mama yake alimwita hivyo ndani tu, mlango ukiwa umefungwa.

Kwao kulikuwa na boyi wa kupika na boyi wa kufua. Murhula hakuwahi kuchota maji wala kupasua kuni. Shuleni tulimtania sana kwa hilo, na yeye alicheka pamoja nasi.

Shikeni hapo, nitaparudia.

Tulipomaliza sekondari tukataka kufanya kama walimu wetu wazungu, ambao kila vacances, yaani likizo, walipanda milima na sac à dos, ile mifuko ya mgongoni. Mmoja akatuazima mbili. Mpango ulikuwa kushukia Miti, kaskazini mwa mji, tuingie msitu wa mianzi, tuvuke mlima kwa njia ya wachukuzi, tukae siku mbili upande wa pili, turudi. Biashara hatuna, ndugu wa kumtembelea hatuna. Ujana tu.

Siku ya kwanza alasiri tulifika juu kabisa, kwenye kibanda cha nyasi. Wachukuzi hulala pale siku za soko. Kama hujafika milima ya kwetu utadhani Kongo yote ni joto. Pale juu meno yanagongana, wakuu.

Tulimkuta mchukuzi mmoja, Papa Bisimwa, anapumzika kabla ya kushuka Miti. Akaangalia mifuko yetu mgongoni.

"Bijana, munauzisha nini?"

"Hatuuzishe kitu, papa. Tunatembea tu."

Alicheka mpaka akafuta machozi. Kwake mtu anayebeba mzigo usioenda sokoni hana akili timamu.

Kabla ya kuondoka akatuonyesha uchaga wa mianzi juu ya mafiga. Ulikuwa umejaa kuni kavu.

"Hizi ziliachwa na wale walilala hapa mbele yenu. Muchome, hakuna shida. Lakini kesho, mbele ya kutoka, murudishe. Miti ya kukauka iko pale chini kwa bonde. Mvua ikianza, huku hakuna kitu itawaka."

Tukaitikia ndiyo papa, ndiyo papa.

Jioni ile tuliwasha moto mkubwa wa kujionyesha, wakati moto mdogo ungetosha. Tuliimba nyimbo za shule. Kuni zote zikaisha.

Asubuhi Murhula alichukua panga, akaanza kushuka bondeni. Ndiyo, yeye, mtoto wa Muhumba.

"Ngoja tujaze mbele ya kwenda," akasema.

Mimi nikamwambia, "Acha bwana, tutajaza tukirudi. Njia iko murefu."

Alisimama kidogo akiniangalia. Kisha akarudisha panga kwenye sac à dos na tukaondoka.

Upande wa pili tulipokelewa vizuri, tukala mihogo na samaki wa mtoni, na siku ya nne tukaanza kurudi. Mvua ya kwanza ya msimu ikatukuta njiani, mvua ya mawe. Tukivuka kijito, Murhula aliteleza akaingia majini na mfuko wake wote. Blanketi, nguo, kila kitu kikalowa. Zangu nazo zilikuwa zinachuruzika.

Tulifika kibandani kama saa tisa. Nikainua macho. Uchaga ulikuwa mtupu kama tulivyouacha, maana siku ya soko ilikuwa bado na hakuna aliyelala pale tangu sisi.

Nilikimbia bondeni na panga. Nilileta miti, nikachonga, nikapuliza mpaka kizunguzungu. Nilichoma daftari langu, nikachoma picha zetu za shule. Kuni zilitoa moshi tu, na viberiti vikaisha.

Murhula alikuwa anatetemeka vibaya. Nikamkumbatia, lakini maji hayakaushi maji. Baadaye akaacha kutetemeka, na mimi nikafurahi. Wakuu, nilifurahi. Nilidhani amepata nafuu.

Kabla giza halijaingia, Papa Bisimwa akafika na mwenzake, wanapanda kutoka Miti. Alimwona Murhula, akaangalia uchaga, akaniangalia mimi. Alimwaga maharagi yake yote chini, akavunja kitunga chake kilichofunikwa na nailoni, akakiwasha kwa kiberiti chake.

Moto uliwaka vizuri. Murhula hakuamka tena.

Walimbeba kwa machela ya mianzi hadi barabarani. Kwao Muhumba, mama yake aliniuliza ilikuwa nini. Nikajibu, "Malaria, maman. Ilimushika njiani."

Akanikumbatia. "Asante, mutoto yangu. Haukumuacha peke yake."

Miaka tisa niliishi na uongo huo. Kila mwaka baada ya misa ya kumbukumbu nilikula mezani kwake, na sahani yangu ilikuwa tayari. Nilijiambia kwamba ninamhurumia.

Mwaka wa tisa sikuweza tena. Nilikuwa tayari baba wa mtoto. Nilimkuta uani anachambua maharagi, nikamwambia yote, moto wa kujionyesha, bonde, panga, maneno yangu.

Aliendelea kuchambua. Halafu akasema:

"Ya kuni nilijua. Yule papa wa mizigo alikuya kwa matanga, akaniambia uchaga ilikuwa mutupu. Hakuniambia ni nani alikatala kurudisha."

Nikakaa chini, naye akaendelea:

"Miaka yote hii nilisema ni mimi. Sikumufundishe kupasua hata kuni moja. Nilisema mutoto yangu alikufa juu ya uvivu nilimulea nayo."

Kisha akaniuliza, "Alikamata panga?"

"Ndiyo, maman. Alikuwa ameisha kuanza kushuka."

"Alikamata panga," akarudia, na sasa hakuwa anauliza. Akaanza kulia, akiita Dieudonné, Dieudonné, pale pale uani, majirani wakisikia.

Hakunifukuza. Wala hakuniambia amenisamehe, mpaka alipofariki. Mwaka mmoja baada ya kumwambia nilikwenda kwake kwa woga, nikakuta sahani yangu ipo.

Fundisho langu ni hili. Kosa la kuni lilikuwa la asubuhi moja na la kijana mpumbavu. La kunyamaza lilikuwa la mtu mzima, na nilidhani nalibeba peke yangu, kumbe mama wa watu ndiye alikuwa analibeba. Kama kuna mzazi anakuangalia bila kuuliza, mwambie angali hai.

Sihitaji pole. Ila mwenye jambo kama hili ambalo hajalisema, aandike hapa chini, nitamsoma. Na ukipita kile kibanda, acha kuni.