Kioo Kilichojaa Ukungu Tukishuka Bungu

Leo nimeendesha gari la kijiji chetu cha ujamaa bila kuona mbele.

Tulikuwa tunashuka kutoka Bungu kwenda hospitali Korogwe. Nyuma alikuwa Mwanaidi, ameshikwa na uchungu, na mama mkwe wake.

Kioo cha mbele kikajaa ukungu kwa ndani. Feni ya kukikausha ilinguruma, lakini hewa haikufika. Nikakifuta kwa kofia, kikajaa tena.

Kushoto korongo. Nikasimama.

"Dereva, mtoto hasubiri," mama mkwe akasema.

Nikapapasa chini ya dashibodi. Mpira wa kupeleka hewa kwenye kioo ulikuwa umechomoka. Nikauchomeka, ukatoka tena.

Mama mkwe akahamia mbele, akaushikilia mpaka Korogwe.

Amezaliwa msichana.

"Mpeni dereva ampakate," mama mkwe akasema. "Mikono yangu bado inatetemeka."

Yangu pia, lakini sikusema. Ninyi mngesema?