Kutafuta mbadala wa turbo yangu kuukuu kulivyonihamisha Tunduma

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio na magari na sisi tunaokanyaga lami kwa miguu.

Juzi kuna mdau ameuliza humu achukue gari gani baada ya sedan yake ya AWD kuchoka. Nilianza kumjibu kwenye uzi wake, jibu likawa refu kuliko swali, nikaona nilete huku.

Nitakayoyasema yamenitokea mimi mwenyewe. Nimebadilisha majina tu. Na sitataja kampuni ya gari, maana nawajua, ukitaja brand uzi unageuka uwanja wa ngumi. Wenye nalo mtalitambua kwa mlio.

Nianzie mbali kidogo.

Nilifika Tunduma nikiwa na miaka ishirini na nne, nyuma ya usukani wa gari la mtu.

Nilikuwa dereva wa IT. Kwa msiojua, ni yale magari yanayoshuka bandarini Dar yakiwa ya watu wa nje. Sisi tunayaendesha mpaka mpakani, mwenyewe anapokea, sisi tunarudi na basi kuchukua jingine.

Safari ile ya kwanza tulikuwa magari sita. Chalinze mvua, Mikumi mvua, Kitonga tukapanda nyuma ya lori lililobeba vyuma, mwendo wa kinyonga. Makambako baridi ikaniingia mpaka kwenye meno, maana mimi ni mtu wa Kilosa na nilikuwa nimevaa shati la mikono mifupi. Chimala, Uyole, Mlowo, Vwawa. Siku ya pili mchana ndio nikaona foleni ya malori na watu wanaobadilisha kwacha barabarani kama wanauza karanga.

Mzee aliyenifundisha kazi aliniambia kitu kimoja ambacho sijakisahau. Gari lina funguo mbili. Hujakabidhi gari mpaka umetoa ule ufunguo wa pili na mwenyewe amesaini karatasi. Kabla ya hapo, likigongwa ni lako.

Nimeifanya kazi ile miaka mingi. Nimeendesha karibu kila aina ya gari mnayobishania humu, kila moja kwa siku mbili. Ndiyo maana nilikuwa najiona mtaalamu. Gari la siku mbili halina ubaya wowote, wakuu. Linanukia upya, unalipeleka, unaliacha.

Chapwa, hapo hapo Tunduma, nikampata Rodah. Alikuwa anauza viazi na maharage, mzigo anaufuata Ibaba huko milimani Ileje. Ni Mnyamwanga wa pale pale, nusu ya ndugu zake wako Tunduma na nusu wako Nakonde upande wa Zambia. Nikaoa, nikapanga, nikaacha kurudi Kilosa. Mtoto hatukujaliwa.

Baadaye nikanunua gari langu. Sedan ya turbo, AWD, injini imelala, ule mlio wa kukohoa kwa mpangilio. Siku kadi ya gari ilipotoka na majina yangu matatu nililisoma jina langu kama barua ya mapenzi. Nilikuwa nimekabidhi mamia ya magari, hili halikuwa la kumkabidhi mtu.

Gari lile lilipanda Ibaba wakati wa masika, pick up za watu zikiwa zimelala mtaroni. Rodah nyuma na magunia mawili, jingine kwenye buti, mimi mbele natabasamu kama mjinga. Fundi wangu alikuwa ananicheka, eti hajawahi kuona turbo inanuka udongo wa viazi.

Miaka ikaenda. Likaanza kula oil. Asubuhi linatoa moshi wa bluu, na ukikata kona kali linavuta kama kuna mtu amelishika nyuma. Fundi alilala chini yake siku nzima, akatoka anafuta mikono.

"Kaka, hili si la kutengeneza tena," akaniambia. "Hili ni la kusindikiza."

Nilikasirika, lakini alisema kweli. Lilikuwa limezeeka kwa halali.

Sasa ndio ikaja kazi ya kuchagua.

Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kubadilisha injini na diff nibaki na bodi ile ile. Ya pili, kuchukua pick up ndogo ya four wheel, ile ya kawaida, spea zake zipo mpaka Mlowo. Ya tatu, kuchukua ndugu yake mdogo na sedan yangu: kampuni ile ile, turbo ile ile, mpya zaidi.

Rodah alitaka pick up. Hakuzunguka.

"Chukua kitu cha kubeba viazi. Hiyo mbio unamkimbia nani?"

"Pick up inarusha, mgongo wako utauma."

"Mgongo ni wangu. Na mimi ndiye ninayekaa na magunia."

Nikamwambia nitafikiria. Wakuu, nilikuwa sifikirii. Kila siku nilikuwa humu jukwaani naangalia picha za ile sedan mpya. Naomba mnielewe, mtu aliyezunguka nchi nzima halafu akatulia sehemu moja, kinachobaki ni ule mlio. Nikiuwasha tu nilikuwa najiona bado naweza kuondoka muda wowote.

Tatizo, ushuru wa gari lile kwa upande wetu ulinishinda. Upande wa pili, Zambia, lingetoka kwa nafuu. Hapo ndipo nikamkumbuka shemeji.

Gift ni kaka yake mkubwa Rodah, raia wa Zambia, anafanya biashara ya mahindi Nakonde. Kule mashemeji wanaitana mulamu, na kati ya mulamu na mulamu kuna utani mzito. Siku ya harusi yangu alinivua kofia mbele ya watu akaivaa. "Mulamu, hii imehama." Watu wakapiga makofi. Baadaye ilihama redio yangu, koti langu, mpaka mwavuli. Na mimi nilimhamishia jogoo wake na gumboots. Huruhusiwi kununa. Ukinuna wanasema huyu bado mgeni.

Mimi niliupenda ule utani. Kwetu nilikuwa mtoto wa mwisho, hakuna aliyewahi kunitania hivyo.

Mpango ukawa gari liandikwe jina la Gift, lipate namba za kule, yeye aniandikie barua ya kunipa ruhusa, mimi nitumie. Watu kadhaa mpakani walikuwa wanafanya hivyo. Ni ujanja ujanja, najua, msinihubirie.

Rodah aliposikia aliacha kuchagua maharage.

"Jina la Gift?"

"Ni kaka yako."

"Ndiyo maana nakuuliza. Gift hana breki. Kama lazima, mwite baba mdogo akae katikati, umwambie mbele yake kwamba hili si la utani."

Kwao iko hivyo. Jambo zito kati ya mashemeji linasemwa mbele ya mtu wa tatu, anayesimama kama ukuta. Bila yeye, kila neno ni utani.

Niliona anakuza mambo. Nikauza sedan yangu kwa mkulima mmoja wa kahawa Ihanda, aliyesema litamtosha kuzunguka shambani. Nikaongeza akiba yote, nikashuka Dar na basi.

Gari lilipotoka bandarini nililiendesha mwenyewe, kama zamani. Kwenye karatasi, mimi dereva, mmiliki Gift. Sikujali. Kitonga nilipanda nikiimba. Igawa nikafungua kioo nisikie turbo. Kwa siku mbili zile nilikuwa na miaka ishirini na nne.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana uzi wote uko hapa.

Nilivuka mpaka, nikaingia uani kwa Gift Nakonde. Ndugu walikuwa wamejaa, wengine wametoka Chapwa kuja kuliona. Gift akatoka nje amevaa koti langu, lile lile lililohama. Watu wakaanza kucheka kabla hatujasemeshana.

Na mimi, kwa furaha, kwa kutaka kuchekesha watu, nikanyoosha mkono wenye ufunguo nikasema kwa sauti:

"Mulamu, gari lako hilo limefika!"

Vigelegele. Gift akapokea ufunguo kwa mikono miwili, akapiga goti moja. "Natotela mukwai, mulamu wangu!" Asante sana, ndivyo alivyosema. Kila mtu alicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Nikaliacha pale amalizie usajili.

Wiki ya tatu nikaenda kulichukua. Gift alikuwa analiosha.

"Mulamu, hili limehama."

Nikacheka. Nikasubiri amalize utani. Hakumaliza.

"Gift, acha masihara, Rodah ana mzigo Ibaba."

"Ibaba? Gari langu liende kwenye matope? Mulamu, wewe ni mbaya!"

Nikaenda tena, na tena. Mara amelipeleka Kasama, mara kuna msiba, mara liko kwa fundi. Kila siku anacheka, ananipa soda, ananisindikiza mpaka mpakani kwa gari lile lile, ananishusha. Wale vijana wa kubadilisha kwacha wakaanza kuniita abiria.

Rodah wakati huo anapanda lori kwenda Ibaba, anakaa juu ya magunia ya watu.

Nikaomba kikao. Kikafanyika Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwa mama mkwe Chapwa. Baba mdogo akakaa kiti cha katikati, pale ambapo Rodah alitaka akae tangu mwanzo.

Nikaeleza yote. Baba mdogo akasikiliza amefumba macho, halafu akaniuliza swali moja.

"Mkwe wangu, siku ile uani ulisema gari lako hilo limefika, au hukusema?"

"Nilisema, baba. Lakini ulikuwa utani."

"Sawa. Na yeye amelichukua kwa utani. Sasa mimi nihukumu nini hapo?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mama mkwe anafuta machozi kwa kitenge. Gift anapiga mapaja.

Nikageuka kumtafuta Rodah. Alikuwa mlangoni, ameziba mdomo kwa mkono, mabega yanatikisika.

Mke wangu alikuwa anacheka.

Jioni nyumbani nikamuuliza. Hakukataa.

"Ulitaka nilie?" akasema. "Nilikwambia baba mdogo. Nilikwambia pick up. Wewe miaka yote unanunua gari la kuondokea. Haya, limeondoka."

Nikatoka nje nikakaa kibarazani, wakuu. Haya ninayoyaandika leo ndiyo ningemjibu siku ile, na nimechelewa.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini sikulichukua kwa nguvu. Ufunguo wa pili nilikuwa nao, niliubakiza mfukoni siku ile bila kufikiria, mazoea ya kazi. Lakini kadi ina jina lake na namba ni za kwao. Nikivuka nalo, mimi ndiye mwizi. Mpakani pale wananijua mpaka wauza maji.

Niliishi hivyo miezi minne. Dukani ukinunua sabuni mtu anakuuliza, "Shemeji, gari halijambo?" Ukinuna, mgeni. Ukicheka, unajicheka.

Siku niliyoondoka Tunduma moja kwa moja ilikuwa Alhamisi. Rodah alikuwa Ibaba, alijua, tulishaongea na kuagana. Alikuwa ameniachia viazi vya kuchemsha kwenye hotpot, na kofia yangu ya harusi, sijui aliipataje kwa kaka yake.

Kabla ya basi nikavuka Nakonde kwa miguu. Gift alikuwa uani peke yake, hakuna watu wa kumchekea. Nikaweka ufunguo wa pili mezani. Nikatoa karatasi ya makabidhiano, nilikuwa bado na kitabu cha zamani, nimejaza kila kitu kwa mkono: rangi, namba ya chassis, mafuta kiasi gani, mpokeaji.

"Mulamu, hata leo unatania?"

Nikampa kalamu.

Akacheka kidogo, akaniangalia, akaangalia ule ufunguo. Nadhani ndio mara ya kwanza tangu nimjue aliona sichezi. Kicheko kikaishia njiani.

"Kaa basi, tuongee," akasema. "Dada awe analitumia wiki moja moja. Mulamu. Kaa."

"Saini."

Akasaini. Nikachana nakala yake nikampa, yangu nikaikunja, nikamshika mkono kama ninavyowashika wateja wote, nikaondoka.

Ilikuwa delivery yangu ya mwisho, na ndiyo pekee niliyoigharamia mwenyewe.

Basi lilipofika usawa wa Ihanda niliinamisha kichwa nisije nikaiona turbo yangu kuukuu imesimama shambani. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na nilikuwa nimetega sikio.

Sasa mdau uliyeuliza, hili ndilo jibu langu. Chukua sedan, chukua pick up, chukua unachotaka, ila kadi itoke na jina lako. Na kabla hujaangalia horsepower, muulize anayekaa siti ya kushoto anakwenda wapi. Mimi wangu aliniambia kabisa, kwa Kiswahili cha kawaida, nikawa nasikiliza turbo.

Mliooa mpakani, ninyi mnawekaje mpaka na mashemeji? Na mlioshindwa kuachana na AWD zenu, mlichukua nini? Uwanja ni wenu. Hata wa kunicheka acheke, hilo nimeshalizoea.