Sori Mbili za Daktari wa Ng'ombe

Huu ni mwaka tuliokula ndizi. Mvua ilitudanganya, mahindi yakakauka yakiwa bado ya kufika magotini, unga ukapanda mpaka mtu akawa anautaja kwa heshima kama jina la mkwe, na migomba ya Mukurweini ikatulisha. Tumezila za kuchemsha, tumezila za kupondwa na maharagwe, tumezitia kwenye githeri mahali pa mahindi na tukaendelea kuiita githeri bila aibu. Ndiyo maana nakumbuka vizuri mikono yangu ilivyokuwa siku ile: myeusi kwa utomvu, kisu mkononi, sufuria katikati ya miguu. Jirani yangu akasimama langoni, hakuingia. Mtu akikataa kuingia kwako, jua amebeba kitu kizito. "Cucu," akaniambia, yaani nyanya, "daktari wa ng'ombe wa Skuta ameenda." Nikamuuliza, "Ameenda wapi?" Nilijua. Lakini marehemu mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba neno rahisi usilipokee mlangoni kabla hujaliuliza limetoka wapi. "Ameenda kabisa," jirani akasema, na ndizi niliyokuwa nikimenya nikairudisha sufuriani na ganda lake.

Ninyi mnaonisoma mnajua mimi niliishia darasa la tatu, na naandika kama ninavyoongea, mhariri akinitafutia mahali pa kuweka nukta. Sikuwahi kudhani nitamwandikia mtu huyu. Hakuwa ndugu yangu, hakuwa wa kanisa langu, na siku ya kwanza tulipoonana tuligombana juu ya kiwele cha ng'ombe wangu. Alitoka kule Kakamega, serikali ikamleta Nyeri akiwa kijana kutibu mifugo, akakaa mpaka akajua kukaripia ng'ombe kwa Kikuyu. Kabla ya hapo serikali hiyo hiyo ilikuwa imempeleka Hungaria kusomea udaktari wa mifugo. Alirudi na cheti, na koti zito la sufu alilovaa kila mwezi wa saba baridi yetu inapouma, na lugha nzima ambayo hakuwa na wa kuongea naye. Hebu fikiria. Kubeba lugha kichwani miaka yote hiyo, na Nyeri yote hakuna hata mmoja wa kumwambia habari ya asubuhi. Basi alikuwa akiongea na ng'ombe. Ng'ombe wangu, yule mwenye kiwele cha ugomvi, alikuwa akiamkuliwa kwa Kihungari, na nitasema ukweli, alikuwa akisimama vizuri kuliko akiamkuliwa na mimi.

Alipostaafu, vijana wanaokwenda kusoma huko wakaanza kumtafuta nyumbani kwake. Alikuwa na kaunta buku moja nene, imefungwa na mpira wa kukatwa kutoka tairi ya baiskeli. Kila ukurasa ulikuwa na neno moja la Kiingereza juu kabisa, na si maneno makubwa. Yalikuwa yale madogo ambayo kila mtu anafikiri anayajua. Chini yake aliandika maneno ya Kihungari, matatu, manne, wakati mwingine saba, na kando ya kila moja maelezo kwa Kiswahili. Aliwaambia vijana kwamba neno gumu halijawahi kumuua mtu, kwa sababu ukikutana nalo unasimama, unauliza. Rahisi ndilo linakuingiza shimoni ukicheka.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa "right", na sababu alinionyesha kwa mwili wake. Mwaka wake wa kwanza kule walipelekwa kwa mkulima kupima ng'ombe mwenye mimba. Mkulima akawa anamwelekeza, naye daktari wangu, kijana mwenye adabu, akataka kuitikia kama Mwingereza anavyoitikia: right, right, yaani sawa, sawa. Akatafuta "right" kichwani akapata lile moja alilolisoma jana yake, jobbra. Wao husema "yobra". Lakini hilo ni la mkono wa kulia. Mkulima akasikia "kulia", akasukuma ng'ombe kulia. Kulia ndiko kijana alikokuwa amesimama, na nyuma yake ukuta. Ng'ombe akamkaribia. "Jobbra, jobbra," kijana akaitikia, maana hakutaka kuonekana haelewi. Mkulima akasukuma tena. "Nilikuwa nimebandikwa kama tangazo, Mama," aliniambia, mikono ameinyoosha ukutani kwa jikoni yangu, "na bado nasema sawa, sawa." Nilicheka nikamwaga chai. Ni baadaye nilipoacha kucheka, kwa sababu nami nilikuwa nimebandikwa ukutani na neno dogo.

Ilikuwa hivi. Kijana wangu wa mwisho alikwenda kusoma Hungaria, akaoa huko. Walipopata mtoto msichana walimleta nimwone. Mtoto mzuri, mashavu kama maandazi, nywele zimejikunja zisijue zifuate upande gani. Nilimpakata, nikatema mate kidogo kwenye viganja, nikampaka kifuani, nikambariki kama nyanya yangu alivyonibariki mimi, na nyanya yake kabla yake. Hata sikumaliza maneno. Mke wa kijana wangu alimnyakua mtoto, akampangusa kwa kitambaa kile chenye harufu ya dawa, akapangusa mara mbili, uso umekuwa mwekundu. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Siku ya pili yake waliondoka, na chai yangu ikabaki mezani imeota ngozi.

Halafu ikaanza simu. "Mami, mwambie sori tu," kijana wangu ananiambia. "Neno moja. Analia kila siku. Anasema hatakuja tena na mtoto hataletwa."

"Nimwambie sori ya nini?"

"Ya kumtemea mtoto mate."

"Nilimbariki."

"Mami, najua. Lakini kwake ni uchafu. Sema tu sori yaishe."

Mimi si mtu wa kusema kitu ili kiishe. Nilimwambia, na nilimwambia polepole ili asikie kila neno: "Siombi msamaha. Baraka nikishaitoa, siirudishi." Kwa maana ukiomba msamaha kwa sababu ya baraka, umeilamba kutoka kwenye kifua cha mtoto, umeimeza. Mtoto anabaki uchi. Kijana wangu akasema atamwambia mke wake nilivyosema. Miezi ikapita. Picha za mtoto zikaacha kuja. Nilikuwa najua ameota meno kwa sababu watoto huota meno, si kwa sababu nimeyaona.

Ndipo nilipobeba maziwa yangu nikaenda Skuta. Daktari alikuwa amekaa juani na kaunta buku yake. Nikamwambia, "Daktari, niandikie sori kwa Kihungari." Nilikuwa nimeshindwa, nataka mjue hivyo. Mtoto alikuwa amenishinda.

"Sori gani, Mama?"

"Kwani ziko ngapi?"

Akafungua ukurasa, akaweka kidole. "Ziko mbili kubwa. Hii ni bocsánat. Ni ya mtu amekosa, anaomba asamehewe. Na hii ni sajnálom. Hii ni ya mtu anaumia kwa sababu mwenzake ameumia. Hata mwenye makosa anaweza kuisema, hata asiye na makosa."

"Hiyo ya pili si ni pole tu?"

"Ni pole, karibu kabisa. Kihungari na Kiswahili zimetenganisha. Mwingereza ndiye amezifunga na kamba moja."

"Mwingereza ni maskini," nikamwambia. "Ati nguo moja anaenda nayo kanisani, analima nayo, na analala nayo."

Alicheka mpaka akakohoa, kisha, sikudanganyi, akaandika maneno yangu kwenye ukingo wa ukurasa. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza kijana wangu na mke wake wanaongea lugha gani nyumbani. Nikasema Kiingereza, kila mmoja amekiazima mahali pake. Akavua miwani. "Basi sikia, Mama. Kijana wako alimwambia mke wake, 'Mama yangu amekataa kusema sori.' Wewe ulikataa hii ya kwanza. Yeye alisikia umekataa zote mbili. Huyo msichana amekaa huko akijua hauna hata pole."

Nilikaa kwenye nyasi, mimi na umri wangu. Sikuwa nimefikiria hivyo hata siku moja. Pole nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo tangu nilipoona anampangusa mtoto mara ya pili. Mgeni, mbali na kwao, mtoto wake wa kwanza, na mwanamke asiyemjua anamtemea mate: nani hataona huruma? Lakini pole yangu ilikuwa imefungiwa nje pamoja na ule msamaha niliokataa kuomba, kwa sababu kwenye lugha waliyoazima zinapita mlango mmoja.

Daktari aliniambia nimweleze nilichofanya, hatua kwa hatua, kama anayeuliza dalili za ng'ombe. Nilipofika kwenye mate alianza kutabasamu. "Huko vijijini kwao, nilikuwa nikienda kuzalisha ng'ombe, bibi wa boma akiona mtoto mzuri anafanya ptu, ptu, ptu. Halafu anamwambia, wewe ni mbaya kweli. Ndiyo jicho baya lisimpate. Huyu msichana ni wa mjini, pengine hajui. Bibi yake anajua."

Tukaandika barua. Aliiandika kwa Kihungari neno kwa neno na kunisomea kwa Kiswahili kila mstari mpaka niukubali, na mara mbili nilimfanya afute. Ilisema: sajnálom, umeumia na mimi naumia. Nilichompa mtoto siwezi kukichukua tena. Muulize bibi yako. Basi. Alitaka kuongeza salamu za hali ya hewa nikamkatalia.

Jibu lilikuja mahindi ya msimu ule yakiwa yamekwisha. Nilimpelekea daktari kwenye simu ya jirani, akasoma kimya, midomo ikitembea. Yule msichana alikuwa amemuuliza bibi yake mzaa mama. Kizee kilicheka mpaka kikashika meza, kikasema basi mtoto huyo amekingwa pande mbili, nani atamweza. Kisha daktari akakwama kwenye mstari wa mwisho. "Anasema kwa nyumba yao… wewe unakosekana."

"Nimekosa tena?"

"La, Mama. Haujakosa. Umekosekana. Hiányzol. Anamaanisha usipokuwepo, nyumba yao inapungua." Akafungua ukurasa wa "miss" anionyeshe, akijua vizuri siwezi kusoma maneno yale, na tukautazama pamoja kama watu wanaotazama picha.

Walikuja mwaka uliofuata. Mke wa kijana wangu alikaa mbele yangu, akamweka mtoto katikati yetu, akafungua vifungo vya sweta ya mtoto, kimoja, viwili, vitatu, akaniangalia, akangoja. Nilimaliza maneno yangu safari hiyo.

Nimeambiwa siku hizi simu inatafsiri. Unaongea, inasema. Vizuri, mimi siipingi, hata mimi naitumia kuuliza bei ya mbolea. Lakini simu haijawahi kuniuliza "sori gani, Mama?" Inachukua neno langu kama lilivyo inakimbia nalo. Kazi ya mtu yule haikuwa kujua maneno mengi. Wako wengi wanaojua maneno mengi na wameharibu nyumba zao. Kazi yake ilikuwa kukusimamisha. Alikuwa anakuuliza neno lako lina nini ndani, na ukimjibu unagundua hata wewe hukuwa umefungua kuangalia. Sisi wenyewe hapa tunaishi hivyo. Mtu anasema "sawa" na hujui amekubali au amechoka. Mwanamke anasema "niache" na mume anaondoka, kumbe alitaka aulizwe. Ndugu wamekaa bila kusalimiana, na ukichimba chini unakuta neno la herufi tano ambalo kila mmoja alilisikia kivyake. Kuuliza si ujinga, wapenzi wangu. Kuuliza maana ya neno unalolijua ndiyo heshima kubwa unayoweza kumpa mtu anayeongea nawe.

Walimfanyia ibada hapa kabla ya kumsafirisha kwao. Watoto wake walikuwapo, na wale vijana waliosoma kaunta buku, na ile kaunta buku yenyewe ilikuwa juu ya jeneza na mpira wake wa tairi. Watu walipita mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika niliwaambia watoto wake pole, wote, kila mmoja kwa mkono. Halafu nikasimama mahali nilipodhani kifua chake kiko. Nikatema mate kidogo kwenye viganja, nikapaka juu ya ule ubao, nikamwambia aende vizuri, na kwamba anakosekana.

Mzee mmoja wa kanisa, kijana kwangu, aliyevaa tai, akanishika kiwiko. "Mama, hii ni nyumba ya Mungu," akanong'ona. "Tafadhali iambie familia sori."

Nikageuka kumuuliza daktari ni ipi anataka huyu. Mazoea. Kumbe safari hii hakuna wa kuuliza, ni mimi na mzee mwenye tai, na binti wa marehemu ananitazama kutoka kiti cha mbele. Pole nilikuwa nimeshawapa. Iliyobaki ilikuwa moja tu, na hiyo nilimjibu polepole, ili asikie kila neno.

"Siombi msamaha. Baraka nikishaitoa, siirudishi."