Kivumbasi kibichi kilivyoozesha mbegu ya maharage ya mama mkwe wangu, Litapunga

Wakuu, heshima kwenu.

Hii ninayoileta sijawahi kuisema popote, na kila neno ni kweli. Watakaosema ni chai, walete vikombe.

Juzi kuna mtu humu alisifia kivumbasi. "Tumieni kivumbasi, ni dawa." Basi, kaishia hapo, maelezo hakuna. Nikakumbuka yangu ya miaka ya tisini.

Mimi ni mtoto wa Mpanda mjini. Niliolewa Litapunga, kwenye familia ya wakulima wenye asili ya Burundi. Mama mkwe alikuwa mpole, haongei sana.

Kwake kivumbasi hakikosekani. Ukiwa na mafua unajifukiza ndani ya blanketi mpaka pua zifunguke. Kuku akiatamia, anatandikiwa majani yake, utitiri wanahama wenyewe. Jioni kinafukizwa mlangoni, mbu wanapungua.

(Nimesema wanapungua. Chandarua msitupe.)

Sasa tuje kwenye maharage.

Mama alikuwa na mbegu yake, maharage mekundu yenye madoa. Mama yake mzazi aliibeba kwenye fundo la kitenge walipokimbia vita kwao. Kila msimu wanapanda, wanavuna, ya mbegu yanarudi kwenye chungu. Nyingine kama ile hawakuwa nayo.

Mwaka wangu wa kwanza pale, wifi yangu alijifungua huko Kibaoni, mama akaenda kumlea. Wakati anaondoka akaniambia:

"Mwanangu, maharage ya mbegu nimeshayaanika. Uyatie kivumbasi, uzibe chungu."

Nikaitikia sawa mama. Kuuliza niliona aibu, nisije nikaonekana mke asiyejua kazi. Confidence ya mjini hiyo.

Nikaenda pembeni ya shamba, nikachuma kivumbasi kibichi, kimenona. Tena nikakiosha! Usafi, wakuu.

Nikapanga tabaka la maharage, tabaka la majani, nikashindilia, nikaziba mdomo wa chungu kwa udongo. Nikajipongeza kabisa.

Mama alirudi baada ya wiki tatu, mvua za kupandia ziko karibu. Alipobandua tu ule udongo, harufu ikatupiga.

Majani yalikuwa yameoza. Maharage yana ukungu, mengine yamechipua humo humo. Urithi wa watu nimeumaliza kwa mikono yangu mwenyewe.

Aliokota jani moja lililooza, akaligeuza. Kisha akauliza:

"Ulikikausha kwanza?"

"Hapana mama. Nilikiosha."

Akafumba macho. "Mh. Na mimi nina kosa. Nilikuambia utie, sikukuonyesha."

Akatandika mkeka. Tulichambua mchana kutwa, punje moja moja, mimi nalia, yeye anachambua. Tukapata mazima kama bakuli moja hivi.

Tuliyapanda nyuma ya jiko. Tulipovuna hatukula hata punje, yote yakarudi chunguni.

Safari hiyo alinionyesha. Unakata kivumbasi chenye maua, unakining'iniza kivulini mpaka majani yavunjike ukiyafikicha, unachanganya na majivu yaliyochekechwa. Mpaka leo nafanya hivyo na wadudu wananipita mbali.

Kwa hiyo wakuu, dawa ya asili siyo jina la jani tu. Ukiambiwa "weka", uliza inawekwaje, hata kama utachekwa. Na wewe unayejua, onyesha kwa mikono.

Kuna jambo moja bado linaniuma. Majirani walipouliza mbona mwaka huu kapanda kidogo vile, mama aliwajibu kwamba paa lilivuja juu ya chungu. Mama yule, mtu wa kanisa, sijawahi kumsikia akidanganya kabla wala baada ya hapo. Hata wanawe waliamini hivyo. Tumemzika, na hakuwahi kunitaja kwa mtu.

Nyie kwenu mbegu mnahifadhi na nini? Semeni, na waliowahi kuharibu kama mimi msijifiche.

Naanza mimi: paa halikuvuja.